Buti za Gikomba: ngozi nyota tano, soli nyota moja

Nilizipata Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, Jumatano asubuhi, belo likiwa ndio limefunguliwa. Buti za ngozi za kupanda mlima, kamera kabisa, yaani mtumba wa daraja la kwanza, jina la Kizungu ambalo hata kulitamka siwezi. Kijana alitaka elfu nne na mia tano. "Mathe, hii hata haijakanyaga chini." Tukamalizana kwa 2,800, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Wiki tatu baadaye nikazipeleka Mlima Kenya kupitia Chogoria. Pale langoni, mita 2,950 hivi kutoka usawa wa bahari, msitu wa Hagenia umening'iniza ndevu za kijivu kila tawi, na nyasi zinalowa umande hadi saa nne. Wenzangu wa raba walikuwa wakikamua soksi. Mimi mguu mkavu. Na kifundo kilishikwa vizuri, kile kile nilichotegua Longonot.

Siku ya pili tuliteremka Gorges Valley hadi Ziwa Michaelson. Bonde hilo lilichongwa na barafu ya zamani, na juu ya ziwa ukuta wa mwamba uitwao The Temple unasimama karibu mita 300. Ukiwa chini unakunja shingo mpaka kofia inaanguka. Kushuka ni mawe yanayobingirika, magoti yanalia, lakini meno ya soli yaling'ata vizuri sana.

Shida ilianza wakati wa kupanda kutoka bondeni. Nikasikia kitu kinapiga makofi nyuma yangu. Nikageuka, hakuna mtu. Ni soli ya kushoto, imefunguka kama mdomo wa mamba. Kiongozi wetu hakushtuka hata kidogo: alichomoa kipande cha blada ya baiskeli mkobani, akakifunga mara nne. "Pole mathe. Mwezi huu wewe ni wa tatu." Ya kulia ilifuata kabla ya chai ya jioni.

Fundi wangu wa Umoja aliing'oa soli yote kwa vidole. Ile sponji ya katikati ilimwagika mezani kama makombo ya keki kuukuu. Ni poliurethani, na unyevu wa hewani huila polepole hata kiatu kikae kabatini bila kuvaliwa. Kumbe kijana wa Gikomba hakudanganya: hazikuwa zimekanyaga chini, kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ukienda, acha kupapasa ngozi. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, kisha kunja buti kwa nguvu. Ukiona nyufa ndogo au unga, rudisha. Afadhali iliyochakaa kidogo kwa kutembelewa.

Soli mpya, gundi na uzi: 900. Ngong nimeshaenda nazo mara mbili, sawa tu, ila kwenye mwamba uliolowa zinateleza. Chogoria bado sijazirudisha.