Kituo atamizi cha sayansi ya uhai: kilichotufaa na kilichotukwaza

Kampuni yetu ni changa na ina watu wachache. Tunatengeneza kipimo cha kugundua vimelea kwenye damu kwa njia ya LAMP, ile iliyochapishwa na watafiti wa Kijapani mwaka 2000, ambayo huzalisha nakala za vinasaba kwa jotoridi moja la nyuzi 60 hadi 65 bila mashine ya PCR, ile inayozalisha nakala kwa kupandisha na kushusha joto. Tumemaliza muda wetu kwenye kituo atamizi cha sayansi ya uhai, yaani mahali panapolea kampuni changa kwa kuzipangisha maabara na kuzipa washauri, na kwa kuwa watafiti wenzangu wananiuliza kila mara kama inafaa, nimeona niandike yote mahali pamoja. Inafaa, tena sana. Ila faida kubwa tuliikuta mahali ambapo matangazo yao hayagusi kabisa.

Matangazo hupenda kuonyesha meza safi na vijana wanaopiga stori huku kompyuta ziko wazi. Wazo la kuatamia biashara lilianza karibu hivyo: mwaka 1959 Joseph Mancuso aligawa kiwanda kilichobaki kitupu mjini Batavia, jimbo la New York, akakipangisha vipande vipande kwa wafanyabiashara wadogo waliotumia huduma za ofisi kwa pamoja. Anayeandika programu za simu hilo linamtosha hadi leo. Sisi tunashika damu za watu. Tunahitaji maabara ya usalama wa kibayolojia ngazi ya pili, kabati lenye kichujio cha HEPA kinachonasa chembe ndogo za hewani, autoklevu ya kuua vijidudu kwa mvuke, utaratibu halali wa kuondoa taka hatarishi, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme wa akiba wa kuilinda friza hiyo usiku kucha. Kampuni changa ikijijengea yote hayo peke yake, mtaji utaishia kwenye mabomba na vigae kabla ya jaribio la kwanza.

Kituoni tulikuta vibali vipo, kamati ya usalama inafanya kazi, na mashine zimeshahakikiwa. Tulipata mafunzo ya usalama, tukapewa rafu yetu kwenye friza, tukaingia kazini. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hulinganisha kodi ya kituo na kodi ya chumba cha kawaida, halafu wanashtuka. Linganisha na gharama ya kuisimamisha maabara nzima, pamoja na muda wa kusubiri vibali vyake.

Hata hivyo, saa zilizokuwa na thamani kuliko zote tulizitumia nje ya maabara, kwa mama mmoja aliyefanya kazi ya kusajili vifaa tiba kwa miaka mingi, ambaye kituo kilimleta kama mshauri. Hakutaka kuona matokeo yetu. Alitupa karatasi, akasema, "Haya wanangu, kila mtu aniandikie: kipimo hiki kinampima nani, kwa sampuli gani, kinafanywa na nani, na wapi." Mimi niliandika muuguzi kwenye zahanati, kwa tone la damu ya kidoleni. Mwenzangu aliandika mtaalamu wa maabara hospitalini, kwa damu ya mshipa. Mama akaziweka karatasi mbili pamoja mezani. "Hivi ni vipimo viwili," akasema. "Mnataka kukifanya kipi?"

Ile sentensi ya matumizi yaliyokusudiwa ndiyo inayoamua mambo yote yanayofuata: kifaa kitawekwa daraja gani la hatari, ushahidi gani utatakiwa, majaribio yafanyike kwa mikono ya nani. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya za vipimo vya maabara, zilizoanza kutumika Mei 2022, vipimo hupangwa kuanzia daraja A hadi D, na kigezo ni hicho hicho. Tulichagua zahanati, na kwa uamuzi huo tukaacha kabisa kazi ya kutenga vinasaba kwa sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi, kwa kuwa muuguzi hatakuwa nayo. Hakuna profesa wala mwekezaji aliyewahi kutuuliza swali lile. Kwa hilo peke yake ningelipa kodi tena.

Mwanasheria wa kituo naye alitufaa kwa namna hiyo hiyo. Tulikuwa tunajiandaa kubandika bango la matokeo yetu kwenye mkutano wa kisayansi. Akatueleza kwamba Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kutangaza, lakini Ulaya ukishaonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, upya wa uvumbuzi wako umekwisha. Ombi likatangulia, bango likafuata.

Sasa kero, na kubwa ni hii. LAMP huzalisha nakala nyingi mno, kiasi kwamba tone lisiloonekana likiruka kutoka kwenye mrija uliokwisha kufanyiwa kazi linaharibu majaribio yanayofuata. Kwa rangi tunayotumia, mrija usio na kimelea hubaki waridi, na wenye kimelea hugeuka njano. Siku moja mirija yetu ya maji matupu, ambayo ilipaswa kubaki waridi, ilianza kugeuka njano. Tulibadilisha vitendanishi, tukabadilisha pipeti, bado njano. Kumbe kampuni jirani ilikuwa ikifungua mirija yake iliyokwisha kuzalisha kwenye chumba kile kile tulichoandalia mchanganyiko. Uongozi ulisikiliza, lakini chumba tofauti cha kufungulia mirija kilipatikana baada ya kulalamika sana. Kwa hiyo ukitembelea kituo chochote na kazi yako ni ya vinasaba, usiridhike kuambiwa kuna vyumba viwili. Uliza koti la chumba cha pili, cha kufungulia mirija, linaning'inizwa wapi, maana nalo hubeba matone hayo. Likiweza kurudi chumba cha kwanza, tatizo letu litakuwa lako.

Jambo jingine ni washauri waliotoka kwenye biashara ya programu. Ni watu wema, lakini walitaka kuona ukuaji wa kila mwezi na wateja wa mapema. Kifaa tiba hakiuzwi kabla ya kusajiliwa, na dawa mpya huchukua zaidi ya miaka 10 mara nyingi. Programu ya miezi michache inayoishia kwenye siku ya kujinadi jukwaani inaweza kumfaa mtu, ila isikudanganye kwamba ndiyo mwendo wa sayansi hii.

Kuhusu hisa, soma mkataba taratibu. Vituo havifanani hata kidogo. JLABS ya Johnson & Johnson, iliyoanza San Diego mwaka 2012, inajulikana kwa kutodai hisa za kampuni inazozipokea. LabCentral ya Cambridge, Massachusetts, iliyofunguliwa 2013, ni shirika lisilo la faida, nawe unalipia nafasi. IndieBio inatoa mtaji na inachukua hisa. Sioni ubaya kutoa hisa kwa anayekupa fedha na watu wa kukufungulia milango. Kumpa hisa mtu kwa ajili ya meza na intaneti, hapana.

Kituo kinapokwama zaidi ni mlangoni pa kutokea. Meza mbili za maabara zinapatikana, na jengo zima linapatikana kwa mwenye fedha nyingi, ila nafasi ya katikati kwa kampuni yenye watu wachache na sampuli tele ni adimu. Sisi tulianza kuitafuta tungali ndani, tukakubaliana na kituo waendelee kutuhifadhia sampuli mpaka friza yetu mpya ihakikiwe. Wewe dai kipengele hicho kiandikwe siku ya kusaini, pamoja na kile kinachosema data zinazobaki kwenye mashine za pamoja ni mali yako na zitafutwa ukiondoka.