Google ya Kawaida au Google Scholar?
Ukitafuta utafiti, tuseme kuhusu ugonjwa wa batobato kali ya mihogo, Google ya kawaida hukuchanganyia habari, matangazo na blogu, na muda mwingi huishia kwenye kuchambua. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hukuletea zaidi makala za kitaaluma. Ninachokipenda zaidi ni kiungo cha “Cited by” kilicho chini ya kila makala kwenye orodha ya matokeo, kinachoonyesha kazi zilizoinukuu baadaye: ukipata makala moja nzuri, umepata mlango wa nyingine nyingi. PDF ya bure, ikiwepo, huwa upande wa kulia kwenye kompyuta.

Kwa takwimu na nyaraka za serikali ya Tanzania, rudi Google ya kawaida, uongeze site:go.tz kwenye maneno yako ili upate tovuti za serikali pekee. Mwanafunzi anayeandika tasnifu aanzie Scholar.