Barafu na mtoto wa chekechea: maji ya uvuguvugu au chumvi?

Katika mchezo wa kuyeyusha barafu, kwa mtoto wa miaka 3, anza na maji ya uvuguvugu. Gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki chenye kigari cha kuchezea ndani, kisha mpe kijiko aimwagie barafu maji ya uvuguvugu mpaka kigari kitoke. Barafu inaalika, mtoto anacheka, na baada ya dakika chache mchezo umekwisha. Sakafu nayo imelowa, andaa dekio.

Chumvi inataka subira, ila ndiyo yenye elimu zaidi. Nyunyiza chumvi ya mawe juu ya bonge la barafu, dondoshea rangi ya chakula, halafu mwache aangalie: rangi inashuka polepole kwenye vishimo na vijifereji vilivyochimbwa na chumvi. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yaliyoshiba chumvi huhitaji baridi ya takriban nyuzi 21 chini ya sifuri, ndiyo maana chumvi huyeyusha barafu. Mchanganyiko wa barafu na chumvi huwa baridi kuliko barafu yenyewe na unaweza kuunguza ngozi, kwa hiyo asiushike, atumie kijiko.

Wa miaka 5 mimi ningempa chumvi. Vipande vidogo vya barafu usimpe wa miaka 3, vinakaba koo.