Kinundu cha mkono kilitolewa kwa sindano, sijui nimsifu au nimlaani

Jamani hii kitu bado inanichoma roho. Nilikuwa na kinundu juu ya kifundo cha mkono, wenyewe wanakiita ganglioni, mara kinavimba mara kinanywea, nikiegemea mkono nasikia maumivu. Nikaenda kliniki moja, siitaji jina.

Daktari, kama ndiye daktari kweli, yuko na simu sikioni. Kakibonyeza, kacheka, "si ungekipiga na kitabu kizito tu nyumbani kipasuke?" Na huko kwenye simu wanacheka naye! Mimi nimelaza mkono mezani kama samaki anayesubiri kisu. Kupiga na kitabu ni mambo ya zamani, unaweza kuvunja mfupa na kinundu kikarudi vilevile, hilo hata mimi nisiyesomea udaktari nalijua.

Akachoma sindano akavuta, ukatoka ute mzito hauna rangi, kama jeli. Hapo lazima nikiri ana mkono mwepesi, sikuumia sana na uvimbe ukalala palepale. Nikamsamehe kimoyomoyo, nikawa namsifia kwa kila mtu.

Wiki kadhaa tu, kimerudi. Palepale! Nikamfuata, ananijibu bila hata kuniangalia, "hivyo huwa vinarudi". Sasa siku ile ungelisema hilo ungepungukiwa nini?

Na kumbe ni kweli, kama nusu hivi ya vinavyovutwa hurudi, maana sindano inatoa ute tu, kifuko chenyewe na kishina chake kinachotokea kwenye maungio vinabaki ndani. Haya nilielezwa na daktari mwingine, mama mmoja mtaratibu, alikimulika na tochi mwanga ukapita, akasema huu ni ute sio kansa, kama hakinisumbui nikiache maana vingi hupotea vyenyewe, kikiuma nivae splinti, yaani gango la kushikilia kifundo kisijikunje, kwa muda nipumzishe mkono, na nikianza kusikia ganzi au vidole kukosa nguvu nirudi haraka tuongelee operesheni, ingawa hata kikikatwa kinaweza kurudi, ila sio mara nyingi kama kwa sindano.

Kwa hiyo yule wa kwanza kazi aliijua, shida ni mdomo. Au hapana, ngoja, kazi gani hiyo? Hakumulika, hakuuliza kama nina ganzi, hakusema lolote, alichoma tu! Sirudi kwake hata bure.

Kinundu ninacho hapa ninavyoandika, naona kimenywea kidogo, nakiangalia tu. Na siku ile ya mwisho natoka mlangoni simu yake ilikuwa inaita tena.