AGPL kwenye mfumo wa maziwa: tathmini yangu ya leseni baada ya miaka mitano

AGPL ni leseni ya programu huria, yaani masharti ambayo mwandishi anawawekea wanaotumia programu anayoruhusu kila mtu aisome, airekebishe na aisambaze. Safari yangu ya kuifikia ilianza kwa simu. Mwaka 2017 mhasibu wa chama kimoja cha wafugaji mkoani Tanga alinipigia saa mbili usiku. "Dada, huu mfumo wako unawapunja wazee wetu." Nikamwambia sijawahi kuwafungia mfumo wowote. Akanitumia picha ya stakabadhi kwa WhatsApp. Nembo ilikuwa ya kampuni nisiyoijua, rangi sikuitambua, lakini chini kabisa pameandikwa "Jumla ya Litta", t mbili. Kosa hilo la tahajia niliandika mimi, Muheza, mwaka 2015, nikiwa na haraka ya kuwahi malipo ya kwanza.

Mfumo wenyewe si mkubwa. Mfugaji anafika kituoni na dumu lake, maziwa yanaangaliwa kwa laktomita kama hayajaongezwa maji, yanapimwa lita, karani anaingiza namba ya kadi na kiasi, stakabadhi inatoka. Kila baada ya siku 14 mfumo unajumlisha na kutoa orodha ya malipo. Toleo la kwanza nililiweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawana programu, chini ya leseni ya MIT. Niliichagua kwa sababu maneno yake hayafiki 200 na nilielewa kwa kusoma mara moja: chukua, tumia, rekebisha, changanya na vyako, uza ukipenda, bakiza tu tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni ndani ya nakala, na usinidai ikiharibika.

Sasa, toleo lile la kwanza lilikuwa na kasoro mbaya kuliko ile t ya pili. Safu ya jumla niliiweka ya namba kamili. Lita 7.5 zikiingia kwenye jumla zinakuwa 7. Mama mwenye ng'ombe mmoja anayeleta lita 7.5 kila asubuhi alikuwa anapoteza lita 7 kila malipo, yaani karibu maziwa ya siku nzima. Kwangu niliigundua na kuirekebisha ndani ya wiki moja. Kampuni ile ilikuwa imeshachukua nakala kabla ya hapo, ikaibadilisha sura, ikaufunga msimbo (maandishi yenyewe ya programu) watu wasiuone, ikaanza kuuzia vyama.

Nilipowauliza walinijibu kwamba faili la leseni lipo. Kweli lilikuwepo, ndani kabisa ya folda. Hawakuvunja sharti hata moja, maana MIT inaruhusu hivyo na mimi ndiye niliyeiweka. Niliwatumia marekebisho bila kudai senti. Wakasema yataingia toleo lijalo, na mhasibu akaletewa ankara ya "maboresho". Dawa ninayo mkononi, mgonjwa namjua, ila msimbo umefungwa na mwenye ufunguo ni mtu mwingine. Usiku ule ndipo nilipoanza kusoma masharti ya leseni kama ninavyosoma mkataba wa kupanga nyumba.

Siisemi vibaya MIT. Kijimaktaba changu cha kuchapa namba za kadi bado kiko chini yake, kwa sababu nataka kila mtu akichukue na kikifungiwa mahali hakuna atakayedhulumiwa. Apache 2.0, iliyotoka Januari 2004, ni ya familia hiyohiyo, ila imeongeza ruhusa ya wazi kuhusu hataza, yaani haki za uvumbuzi, na inakutaka useme faili zipi umezibadilisha. Ukiwahi kuhojiwa kijijini na kijana mwenye simu ya KoboCollect, programu ya kujazia dodoso, ujue ilitokana na nyingine iitwayo ODK Collect, ambayo leseni yake ni Apache 2.0. Huo ni mfano mzuri wa leseni yenye masharti mepesi inavyosaidia kazi kusafiri.

Mwaka 2018 nilihamia GPL toleo la 3. Hii ni kazi ya Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, na taasisi yake ya Free Software Foundation. Toleo la kwanza lilitoka 1989, la pili 1991, la tatu Juni 2007. Inakupa haki zilezile za kutumia, kurekebisha, kusambaza na hata kuuza, lakini ukimpa mtu nakala ya programu, uliyoibadilisha au usiyoibadilisha, umpe na msimbo wake, chini ya leseni ileile. Haki uliyopewa huwezi kumnyima anayepokea kwako.

Na ina meno. Mwaka 2003 watu waligundua kuwa ruta ya Linksys aina ya WRT54G ilikuwa na Linux, mfumo endeshi huria, ndani yake, na Linux iko chini ya GPL toleo la 2. Baada ya kushinikizwa, kampuni ilitoa msimbo, na juu ya msimbo huo ukaanza mradi wa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Ruta inayounganisha kompyuta za ofisi yetu Muheza inaendeshwa na OpenWrt. Kila nikiiwasha nakumbuka kuwa mtu fulani alisoma masharti akakataa kunyamaza. Marekani, mwaka 2008, mahakama ya rufaa kwenye kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyohusu programu ya treni za kuchezea, ilikubali kwamba ukikiuka masharti ya leseni huria unaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki. Hapa kwetu sheria ya hakimiliki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za uandishi. Kwa hiyo anayekwambia "hiyo ni huria, haina mwenyewe" anakudanganya. Ina mwenyewe, na mwenyewe ameruhusu kwa masharti.

Lakini GPL nayo ilinipungukia, na hili watengeneza programu wengi wa kwetu hawalijui. Sharti la kutoa msimbo linaamka pale unapompa mtu nakala. Ukiiweka programu kwenye seva yako, ukairekebisha utakavyo, na vyama vikaingia kwa kivinjari na kulipia kwa mwezi, hujampa mtu nakala. Hudaiwi msimbo. Mwaka 2019 kampuni nyingine ilifanya hivyohivyo na mfumo wangu. Safari hii kasoro haikuwa yangu. Walikuwa wameongeza makato ya usafiri, na hakuna karani wala mhasibu aliyeweza kuona yanavyokokotolewa. Mzee mmoja aliniletea stakabadhi tatu ofisini, akazipanga mezani moja juu ya nyingine, akaniuliza, "Mwanangu, hii shilingi ya hapa na ya hapa zinatofautianaje na barabara ni ileile?" Sikuwa na jibu.

Ndiyo nikafika kwenye AGPL toleo la 3, ya Novemba 2007. Ni GPL karibu yote, imeongezwa kifungu cha 13. Kifungu hicho kinasema: ukiirekebisha programu, na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape fursa iliyo wazi ya kupata msimbo wa toleo hilohilo wanalolitumia, bila malipo. Nilihamia 2020, baada ya kuwaandikia wenzangu wawili waliochangia msimbo na kupata kibali chao kwa maandishi. Hatua hiyo usiiruke. Hakimiliki ya kipande alichoandika mwenzako ni yake, na huwezi kumbadilishia leseni kwa sababu tu mradi unauita wako.

Kuitimiza si kazi. Mimi nimeweka kiungo chini ya ukurasa wa kuingilia, kimeandikwa "Pata msimbo wa toleo hili", na kinampeleka mtu kwenye msimbo ule hasa unaoendesha seva siku hiyo, pamoja na maelekezo ya kuusimika kwenye seva yake mwenyewe. Nilikijaribu kwa simu ya karani wa kituo cha milimani, mtandao wa kuchechemea, kikafunguka. Wanaoiendesha kama ilivyo, bila kugusa msimbo, kifungu cha 13 hakiwadai kitu. Niliwaeleza hivyo viongozi wa vyama mara nyingi, kwa sababu kuna maneno mtaani kwamba AGPL inakulazimisha kutoa data za wanachama. Siyo. Inadai msimbo. Majina ya wafugaji, lita zao na namba zao za simu hayamo kabisa.

Nilichokipenda zaidi ni namna inavyomtendea aliyekosea. Kifungu cha 8 kinasema anayevunja masharti anapoteza haki zake, lakini kama ni mara yake ya kwanza kuonywa na mwenye hakimiliki huyo, akajirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kupata taarifa, haki zinarudi moja kwa moja. Mwaka wa pili niligundua muungano mmoja wa vyama umeubadilisha mfumo na hakuna kiungo. Niliwaandikia barua ya ukurasa mmoja, salamu kwanza, kisha kifungu, kisha mfano wa kiungo wanachoweza kunakili. Siku ya 11 kiungo kilikuwepo. Na ndani ya msimbo wao nikakuta kitu kizuri sana: baada ya kupimwa, mfugaji mwenye simu ya kitochi anapata ujumbe mfupi wenye lita zake. Nilikuwa nimehangaika na jambo hilo miezi. Nikakichukua, nikaacha jina la aliyekiandika palepale juu ya faili, na sasa kiko kwenye vituo vyote ninavyovihudumia. Kwa leseni yangu ya kwanza nisingekiona kamwe.

Yanayonikera yapo. La kwanza ni lugha. Tafsiri zisizo rasmi zinaruhusiwa, ila zenye nguvu kisheria ni maneno ya Kiingereza peke yake. Leseni ya Umoja wa Ulaya, EUPL toleo la 1.2 la mwaka 2017, ipo katika lugha 23 na zote zina uzito uleule. Nikiiona natamani sana ingekuwa hivyo na kwetu. AGPL ina zaidi ya mistari 600. Nimekaa jioni kadhaa nikiandika maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya wajumbe wa bodi. Mahali pamoja Kiswahili kilinibeba: dibaji inahangaika kueleza kwamba neno lao moja, "free", linamaanisha uhuru na siyo bei. Sisi tuna "huru" na tuna "bure", kila moja na kiti chake. Kiswahili pia kimeshafaidi uhuru huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na leseni ya LGPL, ndugu mwepesi wa GPL, ndiyo iliyowapa haki ya kuufungua msimbo ule na kubadilisha maneno yake.

La pili, kampuni kubwa zinaiogopa. Google, kwa mfano, imeandika wazi kwenye miongozo yake kwamba msimbo wa AGPL hauruhusiwi kutumika ndani. Kama ndoto yako ni kijimaktaba chako kiingie kwenye bidhaa za watu hao, leseni hii haikufai. Kijana mmoja niliyemfundisha aliichagua kwa kunifuata mimi, kwenye kipande kidogo cha kupanga tarehe, na hakuna aliyekigusa. Nikamshauri ahamie MIT, na nilimshauri kwa moyo wote.

La tatu linawachanganya sana wenzetu: AGPL haimzuii mtu kuuza. Kampuni ikitaka kuutoza ushirika kwa kufunga mfumo, kufundisha makarani na kupokea simu usiku, ni haki yake, na mimi mwenyewe naishi kwa hilo. Anachozuiwa ni kuuficha msimbo. Kuna mwenzangu aliwahi kuongeza mstari wake chini ya leseni, "hairuhusiwi kwa biashara", akaendelea kuuita mradi wake huria. Hapo sasa siyo huria tena, na leseni yenyewe inampa anayepokea haki ya kuliondoa sharti la ziada kama hilo. Hata maandishi ya leseni hayabadilishwi; mstari mmoja wa mwanzoni unasema unaweza kuyanakili na kuyasambaza, siyo kuyageuza.

Kama unaandika mfumo unaogusa fedha au mazao ya watu wasioweza kukagua hesabu zao wenyewe, wawe wa maziwa, kahawa au vikoba, na utaendeshwa kwenye seva, mimi nakuambia weka AGPL tangu siku ya kwanza. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya Kiswahili. Usingoje kama mimi, kwa sababu leseni mpya hairudi nyuma. Nakala za 2015 zilizotoka chini ya MIT zitabaki chini ya MIT, na waliozifunga wana haki ya kuendelea kuzifunga.

Kile chama cha mhasibu bado kiko kwenye nakala hiyo. Kasoro ya nusu lita walilipia ikarekebishwa mwaka 2018, ila stakabadhi bado inasema "Litta". Mkataba wao na kampuni unaisha mwezi Juni, na bodi imeshakubali kuhama. Nimemwandalia mhasibu programu ya kuhamisha daftari la wanachama, na tumeanza kupitia kadi moja moja jioni kwa simu, tukitafuta zile zilizokatwa nusu lita mwaka 2016 na 2017.