Parasetamoli ya miligramu 500 kutoka madukani Kisumu: nzuri, mradi uihesabu kwa jina lake

Ukiomba dawa ya maumivu kuanzia Kibuye hadi Kondele, aghalabu utapewa kimojawapo cha viwili: parasetamoli tupu ya miligramu 500, au kidonge cha mchanganyiko ambamo parasetamoli imewekwa pamoja na asprini na kafeini. Tunapendekeza ile tupu. Hutuliza kichwa, jino, tumbo la hedhi na homa, na nafuu huanza kuonekana baada ya nusu saa hadi saa moja. Haichomi tumbo kama asprini inavyochoma, na unajua hasa ulichomeza.

Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi anameza kidonge kimoja au viwili, kisha anasubiri saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia. Ndani ya saa 24 asivuke vidonge 8, yaani gramu 4. Huo ndio mpaka wenyewe, wala hakuna ulazima wa kuufikia. Mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini na anayekunywa pombe kila siku wanahitaji kipimo cha chini zaidi, na hicho wapangiwe na mfamasia au daktari.

Balaa la dawa hii huingia pale watu wanapohesabu majina ya pakiti badala ya kilichomo. Asubuhi Panadol mbili, adhuhuri dawa ya mafua, jioni kidonge cha mchanganyiko: mtu hudhani ametumia dawa tatu tofauti, kumbe zote huenda zina parasetamoli. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, na kwa kawaida huizima papo hapo kwa akiba yake ya glutathioni. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu huanza kuua seli za ini. Kinachotutia hofu ni ukimya wake: siku ya kwanza mgonjwa anaweza kutapika kidogo tu au asihisi lolote, ilhali ini linaharibika na dalili nzito zinakuja siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuzuia madhara hayo, asetilisisteini, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha apelekwe hospitali saa hiyohiyo na pakiti mkononi. Msingoje macho yawe manjano.

Kwa mtoto, uzito ndio unaoamua: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Dawa ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 10 hutoshwa na mililita 5. Lakini kuna chupa zenye miligramu 250 katika mililita hizohizo 5, zaidi ya maradufu, na chupa hizo hufanana sana. Soma lebo kila unapobadilisha chupa, na pima kwa bomba la sindano lisilo na ncha au kikombe cha vipimo. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Asprini asipewe kabisa aliye chini ya miaka 16 bila agizo la daktari.

Huku kando ya ziwa, homa ni malaria mpaka kipimo kikatae. Parasetamoli itashusha joto huku vimelea vikiendelea kuzaliana damuni, na mzazi akaona mtoto amepona. Mpe ya kutuliza joto, ndiyo, lakini akapimwe siku hiyohiyo.

Udhaifu wa parasetamoli ni kwenye uvimbe. Kifundo kilichoteguka au fizi iliyovimba husikia ibuprofeni zaidi, nayo imezwe na chakula, asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, aliyeishiwa maji kwa kuhara, wala mjamzito bila ushauri wa daktari.

Vidonge viwili vilivyokatwa kwa mkasi kibandani tunavipa alama ya chini kabisa. Mkasi mara nyingi huacha nyuma jina, nguvu ya dawa na tarehe ya kuisha. Nunua stripu nzima ya vidonge 10 kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, na ukivitoa, anza na upande usio na tarehe.