Skana ya Canon LiDE 300 kwa nyaraka za timu zilizokufa

Timu ya shirika la umma ikishakufa, makabrasha yake huishia chini ya vitanda vya waliokuwa makatibu, makocha na watunza vifaa. Mzee aliyehifadhi fomu za usajili na barua za klabu tangu enzi za RTC, kampuni za biashara za mikoa, hakubali zitoke mlangoni kwake, na ana haki. Basi skana ndiyo imfuate, iwe Kirumba au Igoma jijini Mwanza, na hapo LiDE 300 inastahili sifa: ni nyembamba, inaingia kwenye begi la mgongoni, na umeme inaupata kwenye kompyuta kupitia waya uleule wa USB. Tanesco wakikata, kazi inaendelea mpaka betri ya kompyuta iishe.

Barua ya taipu iskani kwa dpi 300 (nukta kwa inchi), faili la TIFF, lisilopunguza ubora wa picha; A4 moja ya rangi inakula kama MB 26. Picha ya kikosi ipe 600, na A4 inafika MB 104. Achana na dpi 2400, utakuza chembe za karatasi tu, sura za wachezaji zitabaki zilezile. Na skani kwa rangi hata barua ikiwa nyeusi tupu, maana mhuri wa zambarau na saini ya wino wa bluu ndivyo vinavyotenganisha barua halisi na fotokopi.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa: inasoma vizuri kile tu kinacholala juu ya kioo. Daftari nene la mahudhurio litatoka na ukungu katikati, palepale majina yanapoanzia. Usilikandamize, mshono utakatika. Lipige picha kwa simu karibu na dirisha, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Ukurasa wa gazeti unazidi kioo. Uskani mara mbili, vipande vipishane sentimita 3 ili viungike. Kopi za kaboni ni nyembamba mno, kwa hiyo kama kuna maandishi nyuma, zifunike kwa karatasi nyeusi kabla ya kushusha mfuniko.

Pini zitoe kwanza. Unyevu wa ziwani huziotesha kutu, na ukiivuta inang'oka na kona ya juu kushoto, penye Kumb. Na. ya barua. Penyeza plastiki laini chini ya miguu ya pini, kisha inyanyue mguu mmoja mmoja kwa kisu butu. Ikisahaulika itakwaruza kioo, na mkwaruzo huo utauona kwenye kila ukurasa utakaofuata.

Kwa barua, fomu na leseni za wachezaji, inunue bila wasiwasi. Ila laminesheni wanayotoa maduka ya steshenari baada ya kuskani ikatae: gundi yake haibanduki, na karatasi ya faksi ikipita kwenye joto lile inageuka nyeusi yote. Faksi ziskani kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu maandishi yake hufifia hata zikiwa zimefungiwa kabatini.